Kwenzi Wawili, Ndugu wa Ukoo Mmoja

Akina mama wenzetu, kila mmoja wetu anamfahamu kwenzi hata kama hajawahi kuuliza jina lake. Ndiye yule ndege anayeshuka uwanjani mara tu maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Anaokota punje za wali na makombo ya ugali mbele ya kuku bila kuomba ruhusa, kisha anaruka juu ya banda na kupiga kelele kama mtu anayedai deni. Mgongo wake unang'aa bluu na kijani kama kitenge kipya ambacho hakijaingia maji. Kichwa ni cheusi, macho ni meupe. Kifuani amevaa ukanda mwembamba mweupe, na chini ya ukanda huo tumbo lina rangi ya kutu. Jina lake la kitaalamu ni Lamprotornis superbus. Katika makala haya tutamwita kwenzi maridadi.

Yuko na mwingine. Huyu hapewi sifa, na watoto wakimwona hawamtazami mara mbili. Ni wa kijivu tupu, rangi ya majivu ya jikoni, tangu kichwani hadi ncha ya mkia. Ukimpima pamoja na mkia wake mrefu anafika kama sentimita 30, wakati kwenzi maridadi ana sentimita 18 au 19 hivi. Macho yake nayo ni meupe yenye umanjano kidogo, na ndicho kitu pekee kinachong'aa mwilini mwake. Jina lake ni Lamprotornis unicolor, maana yake mwenye rangi moja. Yeye tutamwita kwenzi kijivu.

Hawa wawili ni ndugu wa ukoo mmoja, na hapa Iguguno, kwenye barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega, tunaishi nao wote. Tumeona vema tuwaandikie habari zao kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wakazi wa Kanda ya Kati tunalipita kila siku bila kulijua. Kwenzi maridadi anapatikana Ethiopia, Somalia, Sudan Kusini, Uganda, Kenya na Tanzania. Kwenzi kijivu yuko Tanzania. Kwa miaka mingi vitabu vya ndege viliandika hivyo tu, Tanzania basi, na hata sasa upande wa Kenya huonekana kusini tu, karibu na mpaka wetu. Mzungu anayetoka Ulaya na darubini shingoni anafunga safari hadi Tarangire, na mmoja wa ndege anaowatafuta ni huyu wa rangi ya majivu ambaye mwanao amemlenga kwa manati jana jioni.

Nyumba ya kujenga na nyumba ya kuhamia

Tofauti ya rangi ni ya juu juu. Iliyo kubwa ni ya nyumba, na hiyo akina mama wataielewa haraka.

Kwenzi maridadi ni mjenzi. Anachagua mgunga wenye miiba au kichaka kizito, anasuka nyasi na vijiti hadi panakuwa na chumba chenye paa, mlango ukiwa ubavuni, na mara nyingi anaongeza miiba ili nyoka na paka wasipite kirahisi. Akikuta nyumba ya ndege mwingine imeachwa, anaitengeneza na kuhamia. Humo hutaga mayai ya bluu, mara nyingi manne. Ndege wa namna hii hakosi pa kuishi. Ukikata mti mmoja atajenga kwenye mwingine, ukipanda ua wa michongoma atajenga kwenye ua huo huo. Ndiyo maana unamkuta stendi, shuleni, hospitalini na kwenye hoteli za watalii, kote akiwa mwenyeji.

Kwenzi kijivu yeye hasuki nyumba ya namna hiyo. Anahitaji tundu, tena tundu lililokwisha kuwapo: pango la mbuyu, shimo lililochimbwa na kigogota kisha likaachwa, mahali tawi kubwa lilipovunjika na moyo wa mti ukaoza. Matundu kama hayo hayapatikani kwenye mti wa miaka 10. Mti lazima uzeeke, upigwe na radi, uliwe na mchwa, uvunjike tawi, upone, uoze tena. Kwa hiyo unapomwona kwenzi kijivu, ujue jirani kuna mti mzee. Na mti mzee ukiondoka, mwenye kusuka nyasi atahama na kuendelea na maisha, lakini mwenye kutegemea tundu hana la kufanya hadi apate tundu lingine. Analigombania na bundi, na kasuku, na nyuki.

Kuna udugu mmoja wa kwenzi kijivu ambao hutuchekesha. Ndugu yake wa karibu, ambaye zamani wataalamu waliwaweka pamoja katika kundi dogo la peke yao, ni kwenzi mwenye kifua cha dhahabu anayeishi nyika za Tsavo na kaskazini hadi Somalia. Huyo ni kama bibi harusi: kijani, zambarau, dhahabu tupu, na mkia mrefu kama wa huyu wetu. Katika familia moja mmoja alipewa nguo zote na mwingine akabakiwa na kaniki. Hata hivyo mkia wanafanana, na wakiruka utawajua kuwa ni ndugu.

Akina mama wa kwenzi maridadi

Kabla hatujaendelea, tuwape habari moja iliyotufurahisha sana. Huko Laikipia nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani wamewafuatilia kwenzi maridadi kwa miaka 20, wakiwavisha pete za rangi miguuni ili wamtambue kila mmoja. Mwaka 2025 walichapisha waliyoyaona. Kwenzi hawa wanaishi kwa makundi yanayoweza kufika ndege 60, na katika kundi si kila mmoja anazaa kila msimu. Wasiozaa huwasaidia wanaozaa: wanabeba wadudu kupeleka kwa makinda yasiyo yao, wanafukuza nyoka, wanalinda mlango.

Kwamba ndege husaidia watoto wa dada au wa mama yao, hilo lilijulikana tangu zamani. Jipya ni kwamba kwenzi hawa husaidia pia wasio ndugu zao, wageni waliohamia kundini, na miaka ikipita aliyesaidiwa hurudisha msaada kwa yule yule aliyemsaidia. Msimu huu wewe unanilelea, msimu ujao mimi nakulelea. Sisi tuliokulia kwenye vikundi vya kulimiana na kuchotea maji mzazi hatukuhitaji miaka 20 kuielewa habari hiyo, lakini tunamshukuru aliyekaa juani kuihesabu.

Kwenzi kijivu naye hutembea na wenzake, wawili wawili au kundi dogo, wakiokota wadudu chini na kula matunda. Habari zake hazijaandikwa kwa wingi kama za mwenzake. Huo ndio mkosi wa asiye na rangi.

Dunia inawahesabuje?

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, ambalo hujulikana kwa herufi IUCN, lina daftari lililoanzishwa mwaka 1964 na linaitwa Orodha Nyekundu. Humo kila mnyama na ndege anayechunguzwa hupewa daraja. Daraja la chini la wasiwasi ni la wale ambao hakuna hofu kubwa juu yao. Juu yake wapo wanaokaribia kuwa hatarini, kisha walio hatarini kwa viwango mbalimbali, hadi waliobaki ukingoni, na mwisho waliotoweka kabisa. Sisi wauguzi tunaifahamu namna hiyo ya kupanga, kwani hata wodini wagonjwa hawalazwi wote mahali pamoja. Kuna wa kuangaliwa asubuhi na jioni na kuna wa kuwekwa karibu na meza ya zamu.

Kwenzi wetu wote wawili wako katika daraja la chini, la wasio na hofu kubwa. Ukiishia hapo utasema hakuna habari. Lakini daraja moja halina maana ya hali moja. Watoto wawili wanaweza kuwa na uzito sawa kliniki, kadi zote mbili zikasomeka kijani, huku mmoja nyumbani kwao kuna ng'ombe wa maziwa na bibi na shangazi, mwingine ana mama peke yake na debe moja la mtama. Siku ikija njaa, kadi zao hazitaendelea kufanana. Kwenzi maridadi ana nchi sita. Ukame ukiwapiga walioko Somalia, wa Uganda wapo. Kwenzi kijivu ana mbuga na mapori ya katikati ya nchi moja, na sehemu kubwa ya makao yake iko nje ya hifadhi, katika mashamba na malisho ya watu kama sisi. Tutakayoyafanya sisi juu ya miti yetu, ndiyo yatakayompata.

Maina wa Asia

Ili tuone daraja hizo zinavyoweza kuwatenganisha ndugu, twende mbali kidogo, hadi Asia. Kwenzi wana jamaa zao huko wanaoitwa maina. Ni familia ile ile moja na hawa wetu, na wawili kati yao wamefikia mwisho tofauti kabisa.

Wa kwanza ni maina wa kawaida, mwenyeji wa India na nchi jirani. Ni wa kahawia, mwenye ngozi ya manjano kuzunguka macho na miguu ya manjano. Mwaka 1762 alipelekwa kisiwa cha Mauritius ili ale nzige. Baadaye akapelekwa Australia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na Afrika ya Kusini akatoroka kwenye vizimba. Kila alipofika alizaa, akajaa, akaingia kwenye matundu ya miti na kuwatoa wenyeji. Mwaka 2000 wataalamu walipoandika orodha ya viumbe 100 wavamizi waliosumbua zaidi duniani, ndege walioingia walikuwa watatu tu, na wawili kati yao wanatoka familia hii: maina wa kawaida, na kwenzi wa Ulaya. Akina mama wa Unguja na Dar es Salaam wanaelewa tunachosema, maana wao wana kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka na sasa anakula mayai, vifaranga na samaki wa kuanikwa.

Wa pili ni maina wa Bali. Huyu ni mweupe kama shuka ya hospitali, mwenye ncha nyeusi za mabawa na mkia, na ngozi ya bluu kuzunguka macho. Asili yake ni kisiwa kimoja tu cha Indonesia, na kisiwani humo upande mmoja tu. Ulimwengu wa sayansi ulimwandika mwaka 1912. Uzuri wake na uchache wake vikamponza, kwani kadiri alivyokuwa adimu ndivyo bei yake ilivyopanda, na kadiri bei ilivyopanda ndivyo alivyozidi kuwindwa. Mwaka 1991 kisiwa cha Bali kilimfanya nembo yake. Mwaka 1999 watu wenye silaha waliingia katika hifadhi na kuiba karibu maina wote 39 waliokuwa wakitunzwa ili waachiwe porini. Kufikia mwaka 2001 waliobaki porini walikuwa kama sita. Tangu hapo wengine wamezalishwa vizimbani na kuachiwa, lakini hadi leo yumo katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka.

Familia moja, mmoja amejaa hadi anafukuzwa, mwingine amekwisha hadi analindwa na bunduki. Tofauti yao si kwamba mmoja ni dhaifu na mwingine ana nguvu. Mmoja ana makazi mengi na hachagui. Mwingine alikuwa na mahali pamoja, na watu wakapafikia.

Yaliyotokea kwetu

Mtu asiseme hayo ni ya Indonesia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza ndege wengi kuliko nyingine duniani katika miaka ya 1980. Kuna kasuku mdogo wa kijani, mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ambaye asili yake ni kaskazini na katikati ya nchi yetu. Wafugaji wa ndege humwita kwa jina la Fischer, Mjerumani aliyesafiri huku karne ya 19. Mwaka 1987 kasuku huyo alikuwa ndiye ndege wa porini aliyeuzwa zaidi kuliko wote katika biashara ya kimataifa. Walinaswa kwa maelfu, wakapakiwa kwenye masanduku, na wengi hufa njiani katika safari za namna hiyo. Walionekana kuwa hawaishi. Biashara hiyo ilizuiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini hadi leo yeye amewekwa daraja la wanaokaribia kuwa hatarini, wakati ndugu yake mwenye kichwa cheusi na shingo ya manjano, ambaye pia ni wa Tanzania, bado yumo katika daraja la chini. Hapo tena ni ndugu wawili, nchi moja.

Baadaye milango ilizidi kufungwa. Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda ndege wa porini mwaka 1992. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 zikalifanya zuio hilo kuwa la kudumu. Kwetu, mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 likatoka tangazo la kuruhusu tena kwa muda, na baada ya siku chache, watu walipopiga kelele, likasitishwa.

Tunataja haya kwa sababu anayenasa si tajiri wa Ulaya. Ni kijana wa kijijini mwenye ulimbo, anayelipwa fedha kidogo sana. Akija mtu na vizimba akiwauliza watoto wako wanajua wapi kuna viota, hiyo si kazi ya kumtafutia mtoto. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na kijana akikamatwa, mwenye vizimba hatakuwa naye mahakamani.

Kuna sheria ya zamani zaidi. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinampa maagizo mtu anayekuta kiota njiani, kwamba asimchukue mama pamoja na wanawe. Jambo ambalo wengi hatuligundui tunapoisoma sura hiyo ni kwamba agizo linalofuata mara moja ni la kujenga ukingo juu ya dari ya nyumba ili mtu asianguke. Kiota na dari vimewekwa pamoja. Aliyeandikiwa kumhurumia ndege ameandikiwa hapo hapo kuzuia ajali nyumbani kwake, na kwetu sisi wa afya haya mawili hayajawahi kuwa mbali.

Dawa ya shambani

Kwa mfano, dawa. Katika mkoa wetu wenye mtama na uwele, kweleakwelea ni adui wa kweli. Wanakuja kwa mamilioni na shamba linaisha kwa siku mbili. Serikali hutuma ndege za kunyunyizia dawa mahali wanapolala, na dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni fenthioni, ya jamii ile ile ya viuatilifu vinavyoshambulia neva. Hatusemi mtu aache mtama wake uliwe. Lakini dawa haichagui. Kwenzi anaokota wadudu chini, na mdudu aliyenyunyiziwa anaokotwa akiwa bado anatikisika.

Kisha yuko mtoto. Kweleakwelea waliokufa wamelala chini kama mbegu, na nyama ni nyama. Akina mama, ndege aliyeokotwa mahali palipopigwa dawa haliwi, hata akichemshwa, hata akikaangwa, hata akiondolewa matumbo. Hapewi hata mbwa au kuku. Mtu aliyepata sumu hiyo hutokwa na mate na machozi mengi na jasho jingi, hutapika na kuharisha, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hurukaruka na pumzi huwa nzito. Mvue nguo zenye dawa, wewe mwenyewe ukijikinga mikono kwa mifuko ya plastiki. Mwoshe mwili mzima kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe, na usipoteze muda kwa kumnywesha maziwa. Mkimbize kituo cha afya, na kama kopo la dawa lipo, nenda nalo, maana jina lililoandikwa humwonyesha daktari tiba ya kutumia. Tiba ipo, lakini lazima ianze mapema.

Kwa dawa za alizeti na vitunguu za nyumbani mwetu ni hivyo hivyo. Kopo lisigeuzwe la kuwekea chumvi. Bomba lisioshewe kisimani wala kwenye dimbwi wanaponywa kuku, kwa sababu hapo hapo ndipo kwenzi wote wawili wanaponywa.

Mti wenye tundu

Tumebakiza la mti, na kwa kwenzi kijivu ndilo la kwanza.

Mbuyu hauchomwi mkaa kwa kuwa mti wake ni laini, na hiyo ni bahati yake. Unachunwa magome kwa ajili ya kamba, unapisha barabara, unapisha shamba, lakini tanuru haliutaki. Hata hivyo mbuyu nao hauishi milele. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 iliyo mizee kuliko yote waliyoichunguza, hasa kusini mwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa au imepoteza sehemu zake za kale katika miaka michache tu. Migunga mikubwa na miti mingine migumu haina hata bahati hiyo ya ulaini. Mkaa mzuri hutoka kwa mti mgumu, na mti mgumu mkubwa ndio wenye matundu. Na kwa upande wa kuni, tunachokipenda zaidi ni gogo lililokauka likiwa limesimama, kwa sababu halitoi moshi na halihitaji kukatwa sana. Gogo hilo kwa macho yetu limekufa. Kwa kwenzi kijivu ni nyumba iliyo tayari.

Hatuwezi kumwambia mama apikie hewa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekwisha kuagizwa kuacha kuni na mkaa. Ni jambo jema, hata kwa vifua vyetu. Tumeona mno kikohozi cha akina mama wa jikoni. Lakini mtungi wa gesi ukiisha na fedha hakuna, mama atarudi porini. Kwa hiyo tuzungumzie porini.

Ukienda kuni, angalia juu kabla hujaweka shoka. Mti wenye tundu, uwe mbichi au mkavu, upite, ukate matawi ya mwingine. Ukinunua gunia la mkaa kwa kijana mnayefahamiana, mwulize ameutoa mti gani na wapi. Swali hilo tu, likiulizwa na wanunuzi watano, linamfanya afikiri. Shambani, unaposafisha kwa ajili ya alizeti, acha mti mmoja mkubwa mahali ambapo kivuli chake hakidhuru, na usiwashe moto shinani mwake. Wazee wetu hawakukata mti wenye nyuki, na hawakuhitaji semina. Walijua asali ya Singida inatoka wapi. Tundu la nyuki na tundu la kwenzi ni la aina moja. Mwaka huu humo nyuki, mwaka mwingine nyuki wakihama anaingia ndege.

Katika vikao vya akina mama kanisani tumeanza pia kuwauliza wenzetu ni mti gani mkubwa wenye tundu ulio karibu na kwao, na ni wa nani. Majibu hutofautiana. Mwingine anataja mbuyu wa mpakani, mwingine mkwaju nyuma ya shule, mwingine anafikiri kwa muda mrefu kisha anasema upo uliokuwapo. Miti mingi iko mpakani mwa mashamba mawili, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa kuwa kila mmoja anahofia mwenzake atautangulia kuukata. Mkipatana majirani wawili kwamba mti fulani ni wa mpaka na haukatwi, mwandikieni mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi moja inatosha.

Kuhusu manati, tumegundua kwamba kumnyang'anya mtoto hakusaidii. Atakata nyingine jioni hiyo hiyo. Kinachosaidia ni kumpa kazi ya kujua. Mwambie akutafutie kwenzi mchanga. Wa maridadi ni rahisi: rangi zake bado zimefifia, na macho yake ni ya kahawia, hayajawa meupe, lakini tumbo la kutu tayari analo. Akimpata huyo, mwambie sasa amtafute wa kijivu mwenye mkia mrefu, aone anaingia tundu gani, na asimwambie mtu mwingine ni mti upi.